Kazi Huru ya Mtandaoni: Mipaka na Mteja na Matumizi ya Saa Zako

Chukulia kwamba ni saa tano usiku katika kata ya Ibighi, mwezi wa Januari. Mvua inapiga juu ya bati, nyumba nzima imelala, na simu inatoa mlio mmoja. Mteja aliyeko New York anauliza kama tafsiri ya kurasa kumi aliyoagiza juzi inaweza kuongezewa kurasa mbili "ndogo tu", na kama zote zinaweza kumfikia kesho asubuhi. Kwake ni saa tisa alasiri, ofisi ziko wazi, na swali lake halina ubaya wowote. Binti anayelisoma swali hilo kitandani anajua kwamba jibu lake litaamua mambo mawili: kama usiku huu atalala, na kama kurasa hizo mbili zitalipwa.

Sehemu hii ya kijitabu imeandikwa kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine walio kama yeye mjini Tukuyu na katika vijiji vya Wilaya ya Rungwe: wanaotafsiri, wanaonakili sauti kuwa maandishi, wanaochora nembo, wanaoingiza takwimu, wanaosimamia kurasa za biashara za watu wengine, na ambao hulipwa kwa kazi wala si kwa mwezi. Katika vijitabu vya namna hii mwananchi huzoeleka kutazamwa kama mnunuzi. Mfanyakazi huru wa mtandaoni ni mnunuzi na muuzaji kwa wakati mmoja. Hununua kifurushi cha intaneti, umeme, huduma ya jukwaa linalompatia kazi na huduma ya kutumiwa fedha. Kisha huuza kitu kimoja tu, nacho ni saa zake. Akiziuza bila kipimo, gharama zote zile za kwanza hubaki kuwa zake na faida huwa ya mwingine.

Wakulima wa chai wa Rungwe wanaielewa hoja hii vizuri kuliko wengi. Hakuna anayepeleka majani mabichi kituoni, akayamwaga na kurudi nyumbani bila kuona mizani na bila kilo zake kuandikwa. Anayefanya kazi mtandaoni hana karani wa mizani. Inambidi awe mkulima na karani pia.

Sheria inakomea wapi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imemwekea mwajiriwa uzio ulio wazi. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku, na siku za kazi hazizidi 6 katika wiki. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Kati ya kumaliza kazi leo na kuanza kesho zinatakiwa kupita saa 12 mfululizo, na kila wiki iwe na mapumziko ya angalau saa 24. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Kazi ya usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5.

Mfanyakazi huru hana hata moja kati ya haki hizo. Mteja wake hakumwajiri. Amenunua kazi iliyokamilika, na sheria inayotawala uhusiano wao ni ile ya mikataba, ambayo huwaachia wenyewe wapatane. Maana yake ni kwamba uzio usipowekwa katika mapatano, haupo kabisa. Ushauri wetu ni rahisi: viazime vipimo vya sheria ya ajira. Jiwekee saa zisizozidi 45 kwa wiki, jilinde kwa saa 12 za mapumziko, na unapokubali kazi ya usiku au ya haraka, bei ipande kama ambavyo ingepanda kwa mwajiriwa. Ukimtajia mteja kwamba kazi ya haraka hutozwa mara moja na nusu, utakuwa umechukua kipimo ambacho nchi imekwisha kukiona kuwa cha haki.

Lipo jambo moja la kuangalia hapa, hasa kwa wanaofanyia kazi kampuni au watu binafsi walioko nchini. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa hali fulani zipo. Miongoni mwake ni kwamba saa zake za kazi zinaamuliwa na mwingine, kwamba amemfanyia mtu huyo kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 iliyopita, kwamba anamtegemea kiuchumi, au kwamba anamfanyia kazi mtu huyo mmoja peke yake. Kuandikiwa kwenye karatasi kwamba wewe ni "mtoa huduma huru" hakumalizi swali hilo. Anayeona kwamba maelezo hayo yanamfanana anaweza kulipeleka suala lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo hushughulikia migogoro ya kikazi.

Saa ambazo hazikuandikwa

Watu wengi wanaofanya kazi hizi wanajua bei ya kazi moja lakini hawajui bei ya saa yao moja. Tuchukue mfano wenye tarakimu. Umekubali kutafsiri waraka wa maneno 3,000 kwa dola 60, kupitia jukwaa linalokata asilimia 20. Zinabaki dola 48. Umekadiria kwamba kazi itachukua saa 10. Kila saa, basi, ina thamani ya dola 4.80. Kisha mteja anaomba maneno yaliyomo ndani ya picha nayo yatafsiriwe, saa 2. Anabadili neno moja kuu na kutaka libadilishwe kila mahali, saa 1. Anairudisha kazi mara tatu, kila mara kwa masahihisho ambayo angeweza kuyaleta yote kwa pamoja, saa 5. Mazungumzo ya simu na kujibu ujumbe vinakula saa 4. Sasa umefikisha saa 22 na fedha ni zilezile: dola 2.18 kwa saa, kabla ya kutoa kifurushi na umeme. Hakuna aliyekuibia. Kila ombi lilikuwa dogo, na kila moja ulilijibu "sawa, hakuna shida".

Mali bila daftari hupotea bila habari, na saa nazo ni mali. Daftari la kawaida la shule linatosha: tarehe, jina la mteja, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na ulichofanya. Andika pia dakika za kujibu ujumbe, za kutafuta kazi mpya na za kusubiri faili lipande mtandao ukiwa dhaifu. Baada ya mwezi mmoja gawanya fedha zilizokufikia mkononi kwa saa zote zilizoandikwa. Tarakimu utakayoipata huenda isikufurahishe, lakini ndiyo itakayokuwezesha kutaja bei inayofuata bila kubahatisha. Mara nyingi daftari hilo hufichua jambo jingine pia: mteja mmoja anayelipa kidogo ndiye anayekula saa nyingi kuliko wote.

Kuyaandika mapatano kabla ya kuanza

Mpaka unaowekwa baada ya ugomvi huonekana kama hasira. Ukiwekwa kabla ya kazi, mteja huuona kuwa ni utaratibu wako tu. Huhitaji mkataba wa kurasa nyingi wenye mihuri. Ujumbe mmoja ulioandikwa vizuri na kukubaliwa na mteja unatosha kwa kazi nyingi. Mfano wake ni huu, nawe utauandika kwa lugha mnayoelewana na mteja wako:

"Nimekubali kutafsiri waraka wenye maneno 3,000 kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili kwa dola 60. Bei hii inahusu maneno yaliyomo katika faili ulilonitumia tarehe 4. Masahihisho ya awamu mbili yamo ndani ya bei, yakiletwa kwa pamoja ndani ya siku 7 baada ya kukabidhi. Maneno yatakayoongezeka yatatozwa dola 2 kwa kila maneno 100. Nitakabidhi siku ya Alhamisi, 18:00 kwa saa za Afrika Mashariki. Ninajibu ujumbe Jumatatu hadi Ijumaa, 9:00 hadi 17:00 kwa saa hizohizo. Tafadhali nithibitishie ndipo nianze."

Tazama kila sentensi inafanya kazi gani. Kutaja faili na tarehe yake kunaziba mlango wa "mbona hizi picha hukuzitafsiri". Maneno "kwa pamoja" yanamlazimu mteja aisome kazi yote kabla ya kulalamikia sehemu. Bei ya nyongeza, ikiwa imetajwa mapema, humwondolea aibu anayeomba na anayeombwa: anajua nyongeza inapatikana na anajua inagharimu kiasi gani. Sentensi ya mwisho ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Ukianza kabla ya kuthibitishiwa, umekubali masharti ya mwenzako, ambayo bado huyajui.

Sasa turudi kwa binti wa Ibighi. Halazimiki kukataa, wala halazimiki kujibu saa tano usiku. Asubuhi anaweza kuandika: "Ahsante kwa ujumbe wako. Kurasa kumi zitakufikia leo kama tulivyopatana. Kurasa mbili za nyongeza naweza kuzifanya kwa bei ileile ya kila ukurasa na kuzikabidhi keshokutwa. Ukiziongeza kwenye agizo, nitaanza mara moja." Jibu hilo lina bei na tarehe, na halina neno "samahani" hata moja. Mteja mwema hulipokea vizuri. Anayekasirika kwa kuambiwa bei ya kitu alichokiomba amekuonyesha mapema namna ambavyo miezi inayofuata ingekuwa.

Jambo dogo la simu: programu ya WhatsApp Business ina nafasi ya kuweka ujumbe wa kutokuwepo, unaojituma wenyewe katika saa ulizozichagua. Ujumbe wa mistari miwili unaosema utajibu kesho kuanzia saa tatu asubuhi unamtuliza mteja zaidi ya alama mbili za buluu zisizo na jibu.

Saa zao na saa zetu

Matatizo mengi ambayo huitwa uzembe huanzia kwenye kusomana saa vibaya, na kwa msemaji wa Kiswahili tatizo hili lina pande mbili.

Upande wa kwanza ni wa lugha. Sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko, hivyo saa 9:00 ya kwenye skrini ni saa tatu asubuhi. Mteja Mtanzania aishiye Uingereza akikuandikia "tuongee saa 3", hujui kama anahesabu kama mama yake aliyeko Tukuyu au kama ofisi yake iliyoko London. Andika tarakimu za saa 24 na utaje ni saa za wapi: "20:00 saa za Afrika Mashariki, yaani saa mbili usiku." Inachosha kidogo kuandika hivyo kila mara, lakini inachosha zaidi kukaa mbele ya kamera saa moja nzima ukimsubiri mtu ambaye amelala.

Upande wa pili ni kwamba saa zao husogea na zetu hazisogei. Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya saa ya kimataifa ya UTC mwaka mzima. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ulaya hufanya hivyo Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo New York huwa nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa baridi yao na saa 7 wakati wa kiangazi chao, na London kwa saa 3 au 2. Mkutano uliozoea kuuhudhuria saa kumi na mbili jioni unaweza kuwa umehamia saa kumi na moja bila mtu yeyote kukuambia. Mteja wa Muscat au Dubai ni rahisi zaidi: yuko saa 1 mbele yetu daima.

Jihadhari pia na maneno "mwisho wa Ijumaa". Saa 17:00 ya Ijumaa huko California ni Jumamosi saa tisa usiku hapa kwetu, au saa kumi alfajiri wakati wa baridi yao. Aliyeahidi "Ijumaa" bila kutaja saa ameacha nafasi ya kulaumiwa, au ya kukesha bila sababu.

Kutofautiana huku kwa saa si hasara tupu. Ukijiwekea dirisha la mawasiliano kati ya saa kumi alasiri na saa mbili usiku, utakuwa hewani wakati New York wanaanza kazi, kuanzia saa 8:00 au 9:00 ya asubuhi yao hadi karibu na mchana. London nao watakuwa bado ofisini katika sehemu ya kwanza ya dirisha hilo. Asubuhi yako yote inabaki huru kwa kazi yenyewe, pasipo mtu wa kukukatiza, kwa kuwa wateja wamelala. Ni wachache sana wanaohitaji kweli kuwa macho saa sita usiku. Wengi hukesha kwa sababu hawakuwahi kumwambia mteja saa nyingine.

Katika kupanga tarehe za kukabidhi, iheshimu hali ya Rungwe. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kati ya Novemba na Mei umeme na mtandao vinaweza kukatika siku usiyoitarajia. Kwa kazi ya siku tatu ahidi siku nne. Pakua faili zote mapema ili uweze kufanya kazi bila intaneti, na fahamu mahali pa jirani ambapo mtandao wa kampuni nyingine hushika. Mteja hataelewa kila mara maana ya mvua ya Rungwe. Kukabidhi siku moja kabla ya wakati anaelewa.

Pale malipo yanapokaa

Mpaka wa muda bila mpaka wa malipo ni uzio wa upande mmoja. Kwa mteja wa moja kwa moja, omba kianzio. Nusu ni kiwango ambacho wengi hukikubali kwa kazi ya kwanza. Kazi kubwa igawe katika hatua, na usianze hatua ya pili kabla ya kulipwa ya kwanza.

Kwa anayepitia majukwaa kama Upwork na Fiverr, fedha ya mteja hushikiliwa na jukwaa hadi kazi ikabidhiwe, na hapo ndipo penye kinga ambayo wengi huipoteza kwa kutojua. Katika kazi ya bei maalumu kwenye Upwork, mteja ana siku 14 za kuipitia kazi iliyowasilishwa. Akinyamaza, fedha huachiliwa. Kwenye Fiverr agizo lililokabidhiwa hukamilika lenyewe baada ya siku 3 iwapo mnunuzi hajasema lolote. Ukimya wa mteja, basi, uko upande wako, lakini kwa sharti moja: kazi iwe imekabidhiwa kwa kitufe cha kukabidhi cha jukwaa. Aliyetuma faili kwa WhatsApp na kusubiri shukrani hajakabidhi chochote machoni pa jukwaa, na siku hazijaanza kuhesabiwa. Kwa kazi ya saa kwenye Upwork, kinga inahusu saa zilizorekodiwa na programu yao inayopiga picha za skrini. Saa ulizoziandika kwa mkono hazina kinga hiyo. Masharti haya hubadilika mara kwa mara, hivyo yasome tena kabla ya kuanza kazi kubwa.

Mteja akikuambia "tuhamie nje ya jukwaa tuokoe makato", anachokuomba ni kuivua kinga hiyo, tena kwa kuvunja masharti yanayoweza kukufungia akaunti. Anayekuomba kazi nzima ya majaribio bila malipo amekwisha kukuonyesha thamani anayoipa saa yako. Na kazi yoyote ya mtandaoni inayokutaka ulipe ada ya usajili kabla ya kuipata si kazi.

Kampuni ya Tanzania inayokulipa ada ya huduma inaweza kukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Dai cheti cha makato hayo, maana ni kodi iliyolipwa kwa niaba yako.

Mteja wa karibu, na nyumba yenyewe

Kwa maoni yetu mteja mgumu kuliko wote si Mmarekani. Ni yule anayemfahamu mama yako. Mwenye nyumba ya wageni hapo Tukuyu uliyemtengenezea ukurasa wa biashara anaona ni haki kukupigia saa nne usiku kwa sababu picha moja imekaa kombo. Mjomba anataka kadi za mwaliko. Kwaya inataka bango. Kumtumia baba mdogo ujumbe wa masharti na bei ya nyongeza kungekuwa utovu wa adabu, na kumfanyia kila kitu bure kungekula wiki nzima. Njia ya kati ni kuipa kazi ya bure jina lake halisi. Mwandikie: "Shikamoo baba mdogo. Nimeupata ujumbe wako wa kadi. Wiki hii nina kazi ya watu niliyokwisha kupokea kianzio chake. Jumamosi asubuhi nitaitengeneza yako. Kadi hii iwe mchango wangu kwenye sherehe. Mkihitaji na bango, tutapatana." Kazi imehesabiwa kuwa mchango, sawa na fedha ambayo wengine wataitoa, na siku imetajwa. Nayo iandike daftarini kama kazi nyingine yoyote.

Nyumbani tatizo huwa la kuonekana. Anayetoka na jembe anaonekana ameenda kazini. Anayeketi sebuleni na kompyuta anaonekana yupo tu, hivyo ndiye atakayetumwa kupeleka maziwa, kumpokea mgeni na kukaa na watoto. Kulalamika husaidia kidogo kuliko kupatana. Wazazi wengi wakiambiwa mapema, "Mama, kuanzia saa mbili hadi saa sita mchana nipo kazini hata ukiniona hapa, kuanzia saa saba nitume popote", huheshimu, hasa wakiona mchana hukwepi kutumwa na mwisho wa mwezi umeme umelipwa.

Misiba haina ratiba. Sheria ya ajira humpa mwajiriwa angalau siku 4 za likizo yenye malipo anapofiwa na mzazi, mwenzi, mtoto, ndugu wa kuzaliwa naye, babu, bibi au mjukuu. Mfanyakazi huru hana, na kwetu Rungwe kutokaa matangani ni jambo ambalo hata mtu wa mjini hulijutia. Kwa hiyo usiijaze wiki yako kwa ahadi hadi pembeni. Acha siku moja bila kazi. Msiba ukitokea, mjulishe mteja siku hiyohiyo kwa sentensi mbili na umtajie tarehe mpya. Wateja husamehe kuchelewa kwa sababu hiyo. Kutoweka kwa siku tano bila neno hawasamehi.

Mapatano yakivunjwa

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mapatano yaliyofanywa kwa ujumbe wa kielektroniki. Kwa hiyo yale mazungumzo ya WhatsApp na barua pepe ni ushahidi, ilimradi yapo. Zima mpangilio wa ujumbe unaojifuta, hifadhi nakala ya mazungumzo nje ya simu, na mkizungumza kwa sauti, fuatisha na ujumbe mfupi: "Kama tulivyopatana kwenye simu leo..." Tuma ankara yenye tarehe ya mwisho ya kulipa. Isipolipwa, kumbusha kwa maandishi, na usimame kazi nyingine yoyote ya mteja huyo hadi deni limalizike.

Mdaiwa akiwa hapa nchini, madai madogo ya fedha yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri huendeshwa kwa Kiswahili. Ukomo wa kudai deni la mkataba ni miaka 6, hivyo aliyechelewa mwaka mmoja hajapoteza haki yake. Mdaiwa akiwa nje ya nchi, gharama ya kumfuata kwa kawaida huzidi deni lenyewe. Ndiyo sababu tumesisitiza kianzio na kinga ya jukwaa.

Tatizo likiwa ni la kampuni ya simu, kwa mfano kifurushi kilichokatwa isivyo halali, peleka lalamiko kwanza kwa kampuni yenyewe na uombe namba ya lalamiko. Usiporidhika, lipeleke Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya. Tatizo la benki au la mtoa huduma za fedha nalo huanzia kwa mtoa huduma, kisha Benki Kuu ya Tanzania. Namba ya simu iliyotumika kukutapeli itumwe kwenda 15040, na wizi wenyewe uripotiwe polisi ukiwa na picha za skrini zinazoonyesha tarehe na saa.

Nenda ukiwa na daftari lako la saa.